Kuaga Mwili wa Marehemu: Mwongozo Kamili kwa Familia, Kuanzia Mochwari Hadi Kufunika Jeneza

Katika msiba hakuna dakika nzito kama za kuaga mwili, na hakuna kinachopangwa kwa haraka kama hicho. Kamati ya mazishi itakesha ikihesabu viti, sufuria na mabasi, halafu kuhusu kuaga itaandika mstari mmoja kwenye ratiba: "Saa 6 mchana, kutoa heshima za mwisho." Ndani ya mstari huo mjane atamwona mumewe kwa mara ya mwisho, na mtoto wa miaka 7 atabeba picha ya baba yake atakayokaa nayo maisha yote.

Mwongozo huu unahusu zaidi misiba ya Tanzania bara ambako jeneza hufunguliwa na watu wakapita mmoja mmoja. Misiba ya Waislamu ina utaratibu wake, tutaufikia. Jambo tunalolisimamia mwanzo hadi mwisho ni moja: mtu asipelekwe kwa marehemu kabla ya kuambiwa atakachokiona. Kinachowaumiza wengi ni kushtukizwa, kuliko hata huo mwili wenyewe.

Kuona kuna faida yake. Sikio husikia "amefariki", lakini moyo unaendelea kusubiri simu yake, unasikiliza geti likifunguliwa. Kumwona ametulia, hapumui, kunaukata ule mkanganyiko. Wako waliopoteza ndugu kwenye MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ambao hawakupata mwili wa kuaga. Familia ya namna hiyo huchukua muda mrefu kuamini kwamba ni kweli. Hata hivyo kuaga si kipimo cha upendo. Asiyetaka kuona aachwe, na asitafutiwe maneno.

Saa za mwanzo ndizo zinazoamua sura

Sura watakayoiona watu siku ya tatu hutengenezwa ndani ya saa chache baada ya kifo. Mwili huanza kukakamaa kati ya saa 2 na saa 6 tangu kifo, ukianzia kwenye kope, taya na shingo, na hukakamaa wote kwenye muda wa saa 12 hivi. Baada ya siku moja au moja na nusu huanza kulegea tena, ila ukiwa kwenye jokofu huchelewa zaidi.

Kifo kikitokea nyumbani, na si ajali wala kifo cha kutatanisha, fanyeni haya mapema. Fumbeni macho kwa kushika kope taratibu kwa dakika moja au mbili. Zikirudi, wekeni pamba yenye unyevu juu yake. Kunjeni taulo dogo mliweke chini ya kidevu, au fungeni kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini ili mdomo usibaki wazi. Kama marehemu alikuwa na meno ya bandia, yarudisheni sasa hivi. Taya ikishakaza hayaingii tena, na bila meno mashavu hubonyea hadi watoto wake wenyewe wanasita. Mlazeni chali, mikono imenyooka, kichwa kimeinuka kwa mto wa sentimita 10 hadi 15.

Huo mto watu hudhani ni wa heshima tu. Moyo ukisimama, damu hushuka upande wa chini wa mwili na kuacha rangi ya zambarau iliyoiva. Aliyelazwa kifudifudi au kichwa kikiwa chini hubaki na uso mweusi wenye madoa ambayo poda haiwezi kuyaficha.

Kifo kikiwa cha ajali, cha ghafla au cha kutiliwa shaka, msiguse chochote. Iteni polisi kwanza.

Mochwari: maswali ya kuuliza na vitu vya kupeleka

Tumeni watu wawili, wala si umati wa ukoo mzima. Wawe na moyo mgumu kidogo na wazungumze na mhudumu kwa adabu. Yeye ndiye atakayemwandaa ndugu yenu. (Kwa adabu hiyo hiyo, mbele ya wafiwa tunasema "mwili" au "marehemu". Neno "maiti" linawakata.)

Kwanza ulizeni jokofu linafanya kazi vipi. Nyuzi joto 2 hadi 6 zinatosha kwa siku chache. Jokofu likiwa na miili mingi kupita uwezo wake, au umeme ukikatika mara kwa mara, mwili utabadilika, na ni afadhali mjue mapema kuliko asubuhi ya mazishi.

Pili, amueni kuhusu dawa, yaani sindano ya formalini inayozuia mwili usiharibike. Kama mazishi ni baada ya siku nyingi, au mwili unasafirishwa usiku kucha kwenda Bukoba, Mbeya au Kilimanjaro, dawa inahitajika. Formalini hukaza nyama ya mwili ikiwa katika mkao ule ule ilioikuta. Mdomo ukiwa wazi, utakaza ukiwa wazi. Shingo ikiwa imeinama, itabaki imeinama. Kwa hiyo mwambieni mhudumu kabla ya sindano: macho yafumbwe, mdomo ufungwe, mikono iwekwe mnavyotaka ionekane. Na dawa ifanyike mapema, ndani ya siku ya kwanza ikiwezekana. Ikichelewa hufika sehemu nyingine na nyingine haifiki.

Tatu, pelekeni picha ya karibuni ya marehemu, mafuta yake ya kujipaka, kitana, na miwani kama alivaa kila siku. Mhudumu hakumjua akiwa hai. Hajui kwamba mama huyu nywele zake alizilaza nyuma, wala kwamba mzee huyu hakuwahi kuonekana bila ndevu zake. Mafuta mepesi usoni na midomoni, yakipakwa mapema, huzuia ngozi isikauke na midomo isiwe ya kahawia. Poda iwe kidogo sana. Ikizidi, uso unageuka wa sanamu.

Ndevu zikionekana ndefu kuliko siku ya kifo, hazikuota. Ngozi imekauka na kurudi nyuma.

Nguo na jeneza

Mikono iliyokakamaa haiingii kwenye koti. Mhudumu mzoefu hulipasua shati na koti mgongoni, kutoka kola hadi chini, kisha huvalisha kwa mbele na kuchomeka kingo chini ya mwili. Waelezeni wazee mapema, maana wako wanaoona suti mpya ikipasuliwa wakadhani ni dharau. Chagueni mikono mirefu na kola ya juu. Kama kulifanyika uchunguzi wa maiti, kutakuwa na mshono kifuani na mwingine kichwani kutoka sikio hadi sikio. Kofia, kilemba au kitambaa kilichofungwa vizuri huuficha huo wa kichwani. Soksi nyeupe na glovu nyeupe husaidia pale vidole vilipobadilika rangi.

Jeneza lipimwe kwa futi ya chuma juu ya mwili wenyewe. Urefu ulioandikwa kwenye kitambulisho utawadanganya: miguu ya marehemu huelekea chini, hivyo ongezeni sentimita 10 hadi 15. Pimeni na mabega. Jeneza likibana mabega, hupanda juu, kidevu kinazama kifuani, na mtu anaonekana kama aliyesongwa. Fundi akiwaambia "futi sita zinamtosha kila mtu", msikubali.

Jeneza lenye kioo huzuia inzi, harufu na mikono ya watu, ila lina tabia yake. Mwili ukitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto la Dar es Salaam, kioo hupata ukungu na uso hupata matone ya maji. Mwenye uchungu akiyaona atasema "analia", au "anatoka jasho, hajafa!", na msiba mzima utavurugika. Ombeni mwili utolewe kwenye jokofu saa 1 au 2 kabla ya kuvalishwa, ufutwe kwa pamba kavu, ndipo upakwe mafuta. Na mtu mmoja akae na kitambaa kikavu karibu na kioo.

Pia barabara mbovu hutikisa mwili, na gesi za ndani husukuma majimaji yenye rangi ya damu puani au mdomoni. Hiyo ndiyo kazi ya ile pamba inayowekwa puani na mdomoni. Yakitokea mbele ya watu, funikeni uso kwa leso, badilisheni pamba, endeleeni. Msiruhusu mtu aseme kwamba marehemu anamwonyesha aliyemuua. Kwa neno hilo wazee wasio na hatia huishia kunyooshewa vidole.

Wawili watangulie

Kabla familia haijaona, ndugu wawili waingie wamwangalie marehemu akiwa ameshavalishwa. Wahakikishe kwanza ni yeye. Miili huchanganywa, na aibu ya kugundua mbele ya kanisa haina mfano. Kisha wasogee wasimame pale atakaposimama mjane, waangalie kwa macho yake: kuna nini kitamshtua? Doa la damu kwenye kola, jicho lililofunguka nusu, uzi wa mshono unaoning'inia. Mengi hurekebishwa kwa dakika tano.

Wakitoka, wawaeleze wengine waziwazi. Maneno yawe kama haya: "Mama, utamkuta amelala chali, amevaa suti ya kijivu. Amekonda kuliko ulivyomwacha. Rangi imeiva kidogo. Ana pamba puani. Ukimgusa atakuwa wa baridi na mgumu, na kuna harufu ya dawa itakayochoma macho. Ni yeye kabisa, lakini amebadilika." Halafu swali: "Unataka kuingia? Uingie na nani?" Akisema bado, subirini. Akisema hapana, hapo hapo iwe mwisho.

Familia ipewe muda wake

Hapa ndipo misiba mingi inapokosea. Jeneza linashushwa, linafunguliwa, na mke anamwona mumewe kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia nne na kamera tatu. Tunashauri kwa msisitizo kwamba familia ya karibu imuone mapema, kwa faragha, mochwari asubuhi au sebuleni mwili ukishafika. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Waingie wachache wachache, mlango ufungwe, na mpiga picha abaki nje.

Wekeni viti viwili karibu na jeneza, kwa kuwa wengi wanataka kukaa naye. Acheni mtu aongee na marehemu, amrekebishe kola, aombe msamaha, alie. Wale akina mama wenye desturi ya kunyamazisha, "jikaze, jikaze", wakae mbali kidogo. Anayetaka kugusa aguse mkono au paji la uso, kama hakuna sababu ya ugonjwa ya kumzuia. Ngozi ya aliyekufa kwa VVU haiambukizi kwa kuguswa. Kwa aliyekuwa na kifua kikuu, fahamuni kwamba mwili ukigeuzwa au ukiinuliwa hewa huweza kutoka mapafuni, kwa hiyo mdomo na pua vifunikwe kwa kitambaa wakati wa kumhamisha. Baada ya kugusa, wote wanawe mikono kwa sabuni.

Mstari wa waombolezaji

Ulizeni padri au mchungaji mapema kama kuaga ni kabla ya ibada au baada, maana makanisa hayafanani katika hili. Halafu fanyeni hesabu. Mtu anayepita bila kusimama hutumia sekunde 5 hivi. Watu 400 ni dakika 33. Kila mmoja akisimama sekunde 15, mstari mmoja utakwenda saa 1 na dakika 40, na jua linazama mko barabarani. Mistari miwili, kila upande wa jeneza mmoja, hukata muda huo nusu.

Jeneza liwe kwenye meza imara yenye kimo cha sentimita 60 hadi 75 kutoka chini. Mabenchi mawili ya kuungaunga hapana. Jeneza na mwili huweza kufika kilo 100 na zaidi, na mtu mmoja akilirukia, benchi linakwenda. Msiliweke chini ya turubai la buluu au kijani. Mwanga unaopenya kitambaa hicho humpaka marehemu rangi ya kutisha, na watu wataondoka wakisema alipewa sumu. Tafuteni turubai jeupe, au muwe kwenye baraza.

Simamisheni mtu mmoja kichwani na mwingine miguuni, wenye nguvu na wapole. Wekeni viti vinne na maji upande wa kutokea, kwa kuwa wanaozimia huzimia hatua tatu baada ya kuona, siyo wakiwa juu ya jeneza. Wengi wa wanaozimia hawajala tangu jana na wamesimama juani. Wanyweshwe chai kabla. Anayezimia alazwe chali, miguu iinuliwe, watu wampishe apate hewa. Wanaume wasimkimbilie mwanamke aliyeanguka wakamwinua vibaya. Wekeni akina mama wawili wenye kanga kwa kazi hiyo.

Njia ya kuingia isikutane na ya kutoka. Tarehe 21 Machi 2021, katika kumuaga Rais John Magufuli kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walifariki kwa kukanyagana, kwa taarifa ya polisi. Msiba wa mtaani hauna umati huo, lakini uchochoro wa mita moja na watu mia mbili wanaosukumana unaweza kumvunja bibi mbavu.

Watoto

Mtoto aulizwe, asiburutwe. Chini ya miaka 5 hivi hajaelewa bado kwamba kifo hakina kurudi, lakini anaelewa hofu iliyo kwenye nyuso za wakubwa. Msimwambie "babu amelala", kwani usiku huo atakataa kulala. Mwambieni: "Babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii, haumwi tena. Yuko ndani ya sanduku, uso utauona, miguu imefunikwa."

Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wa kwake, asiye mfiwa wa karibu, aliye tayari kutoka naye muda wowote. Asinyanyuliwe juu ya jeneza, wala asilazimishwe kubusu. Akiuliza, "Mbona ana pamba?", jibuni hivyo hivyo lilivyo. Akitaka kucheza dakika mbili baadaye, mwacheni acheze.

Mwili ulioharibika, na pale ambapo jeneza lisifunguliwe

Uso ukiwa umeumia, si lazima muamue kati ya kuona vyote na kutoona kabisa. Mfunikeni uso kwa kitambaa safi, mwacheni mkono mmoja nje. Mkono wenye pete, au wenye kovu analolijua mkewe, humtosha mtu kuaga. Mguu pia, au kichogo chenye mvi zake. Picha kubwa ya marehemu iwe juu ya jeneza. Lililo baya ni kumficha mfiwa sababu: akiambiwa tu "usimwone", kichwa chake kitachora kitu kibaya kuliko kilichopo.

Miili iliyoungua hadi kutotambulika hutambuliwa kwa vinasaba, kama ilivyolazimu baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Hapo kuaga kufanyike kwenye jeneza lililofungwa, na familia ipewe nafasi ya kuweka mikono juu ya kifuniko.

Magonjwa machache hayana mjadala. Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025, hatari kubwa ilikuwa kwa wanaogusa wagonjwa na miili. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg au Ebola hauoshwi na familia, hauguswi, mfuko haufunguliwi. Wanaofanya kazi hiyo ni wataalamu wa afya wenye mavazi ya kinga. Lakini familia ina haki ya kuomba isimame mbali ikiangalia, imtaje kwa jina, isali, ielekeze kaburi. Kwa kipindupindu nako, msiuguse wala kuuosha mwili bila ofisa wa afya.

Mwili uliotoka nje ya nchi mara nyingi huja kwenye jeneza lililozibwa kwa bati la zinki. Msilifungue nyumbani kwa nyundo. Ulizeni ofisa wa afya, someni karatasi za uhifadhi wa mwili, na kama zimepita wiki kadhaa, wawili wale wale watangulie kuona kabla ya mama mzazi.

Kwa Waislamu

Hapa hakuna mstari wa umma, na mazishi hayacheleweshwi. Nafasi ya kuaga ni fupi: baada ya kukosha na kuvisha kafani, kabla ya kufunga upande wa kichwa. Msimamizi wa kukosha aambiwe mapema nani wanasubiri, aache uso wazi dakika chache, waingie ndugu wa karibu na maharimu (ndugu ambao kisheria ya dini hawaoani naye), kisha afunge. Inafahamika kwamba Abubakar alimfunua uso Mtume na kumbusu alipofariki, kwa hiyo kumwangalia na kumbusu hakuna ubaya. Machozi yanaruhusiwa, kupiga mayowe na kujipiga hakuruhusiwi. Akina mama wengi pwani hawaendi makaburini, ndiyo maana dakika hizo za nyumbani ni zao hasa. Mwili usitolewe kabla hawajaitwa. Mgeni asiye Mwislamu asiombe kafani ifunguliwe. Vifundo vikishafungwa, vimefungwa.

Kufunika

Kabla ya kufunga, vueni pete na saa mlizoamua kubaki nazo, mbele ya mashahidi wawili. Mwulizeni mara moja, kwa sauti ya chini, mjane au mama mzazi: "Tufunge?" Apewe nafasi ya kumfunika uso kwa leso mwenyewe akitaka. Skrubu zikazwe taratibu, bila nyundo. Mlio wa msumari kwenye jeneza humfuata mtu kwa miaka.

Picha ya uso, kama familia imeamua ipigwe, apige mtu mmoja, na isiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ihifadhiwe kwa ajili ya waliokuwa Muscat, London au Toronto wasiweze kufika, na kwa yule aliyekataa kuona siku hiyo. Mwambieni ipo, na ipo kwa nani.

Usiku wa kwanza na siku zinazofuata sura ile itarudi mtu akifumba macho. Ni kawaida, na hupungua polepole. Mwezi ukipita naye bado halali, hali chakula, au anaogopa chumba alichokuwa akilala marehemu, mpelekeni hospitali akaongee na mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii. Mtoto huchelewa zaidi. Anaweza kuuliza habari za ile pamba miezi mitatu baadaye, mnapokula.